Darasa la jioni la Lord Mansfield, Kamalondo: lipeni, lakini silabusi muisome kuanzia nyuma

Wenzangu wauza vikwembe, yaani vitenge, wananiuliza swali moja: Lord Mansfield, jaji wa Uingereza aliyekufa mwaka 1793, atamfundisha nini mwanamke anayesubiri mzigo wake Kasumbalesa, mpakani na Zambia? Nimechoka kujibu meza kwa meza pale sokoni, kwa hiyo naandika mara moja kwa wote. Atamfundisha mengi. Darasa lina kasoro zake pia, nami nitazisema bila kumung'unya maneno, kwa sababu nililipa pesa yangu na hakuna aliyenipunguzia hata franga moja.

Liko Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, nyuma ya duka la fotokopi, katika chumba kirefu kilichokuwa stoo ya saruji. Kibao hakuna. Waulize vijana wa fotokopi "kwa Papa Profesa ni wapi?" watakuonyesha mlango. Viti ni vya plastiki na vya safu ya nyuma vimepasuka, hivyo wahi. Umeme ukikatika wanawasha jenereta, na jenereta yenyewe iko chini ya dirisha, basi nusu ya sentensi za mzee zinaliwa na mashine. Bei ni dola 10 kwa mfululizo mzima pamoja na silabusi. Ukitaka kulipa franga wanapiga hesabu ya siku hiyo, na hawakuibii. Kila somo linarekodiwa, kesho yake unatumiwa sauti kwenye simu. Mimi nasikiliza nikiwa napanga mzigo asubuhi, kabla wateja hawajafika. Wakati wa mapumziko kuna kinywaji baridi cha munkoyo na karanga, hizo unalipia mwenyewe.

Anayefundisha ni mzee mmoja aliyefundisha sheria kwa miaka mingi, sasa yuko pensheni. Sote tunamwita Papa Profesa. Anasaidiwa na avoka, yaani wakili, kijana ambaye tunamwita Metre kama mawakili wanavyoitwa huku, ijapokuwa mama yake anauza samaki jirani na meza yangu na mimi nilimjua bado anavaa kaptula. Kiswahili chao ni chetu hiki cha Lubumbashi, Kifaransa kinaingia pale sheria inapokataa kusemeka bila hicho. Mtu wa Goma ataelewa, wa Dar es Salaam naye ataelewa akivumilia kidogo.

Kwa nini jaji Mwingereza, wakati sheria yetu tuliachiwa na Wabelgiji? Swali hilo liliulizwa jioni ya kwanza na papa mmoja mwenye malori, kwa sauti ya mtu anayetaka kurudishiwa dola zake. Jibu la Papa Profesa lilikuwa la kibiashara. Alisema mzigo wenu unapita Tanzania, unapita Zambia, na nchi zote mbili zilirithi sheria ya Kiingereza. Karatasi ya bima ya meli iliyoleta kontena Dar es Salaam, ukiisoma hadi chini, mara nyingi inaelekeza kwenye sheria ya Uingereza. Mkigombana na mwenye bima, mtagombana kwa kanuni ambazo mtu mmoja alizipanga katika karne ya 18. Papa wa malori akanyamaza, na hakukosa hata jioni moja baada ya hapo.

Mtu huyo alizaliwa William Murray, mwaka 1705, huko Scone, Uskoti. Alikuwa mtoto wa lodi, lakini wa nne kwa wavulana, na katika desturi yao mtoto wa nne anarithi jina tu na hamu ya kula. Mwaka 1718, akiwa na miaka 13, alipandishwa farasi mdogo akatumwa London kusoma katika shule ya Westminster. Kutoka hapo alikwenda Oxford. Kwenye daftari la chuo walimwandika kuwa amezaliwa Bath, mji wa kusini mwa Uingereza, badala ya Perth ya kwao. Inasemekana karani hakushika matamshi ya Kiskoti. Darasa zima tulicheka, maana kila mmoja wetu ana karatasi ya serikali yenye jina la mtu mwingine.

Familia yake ilikuwa na tatizo ambalo huku kwetu halihitaji maelezo marefu. Wengine walikuwa upande wa ufalme uliokuwepo, wengine upande wa ukoo wa Stuart uliofukuzwa. Kaka yake James alikwenda uhamishoni kumtumikia mdai wa kiti cha ufalme. William akabaki London, akawa avoka mwaka 1730, na mwaka 1742 akapewa kazi ya wakili wa serikali. Ndipo waasi wa Uskoti waliposhindwa vita mwaka 1746, na yeye akawa miongoni mwa waliosimama kuwashtaki malodi wa kwao, akiwemo mzee Lord Lovat aliyekatwa kichwa mwaka 1747. Hata hivyo maadui hawakuacha. Mwaka 1753 walimzulia kwamba ujanani aliinua glasi kumwombea afya yule mdai wa kiti. Ilibidi ajitetee mbele ya wakubwa, akasafishwa. Hapa Papa Profesa alitulia kidogo, akatutazama, akasema, "Wana wangu, mnaelewa." Tulielewa. Hakuna aliyetaja mtu wa hapa nyumbani.

Mwaka 1756 akawa Jaji Mkuu wa Mahakama ya King's Bench, akapewa cheo cha Lord Mansfield. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 1788. Ni karibu miaka 32.

Sasa jioni ninazozipenda. Kama una nafasi ya kuja mara chache tu, njoo za biashara.

Jaji huyu alipoanza, kesi za wafanyabiashara zilikuwa pori. Kila juri, yaani wale raia 12 wanaoapishwa kuamua ukweli wa mambo, iliamua lake. Leo mfanyabiashara anashinda, kesho mwingine mwenye shauri lilelile anashindwa. Mansfield alifanya jambo ambalo wakubwa wachache wanalifanya: aliwaita wafanyabiashara wenyewe. Katika ukumbi wa Guildhall, pale katikati ya mji wa biashara wa London, alikuwa na kundi la wafanyabiashara aliowatumia tena na tena kama juri maalumu. Aliwauliza desturi zao, akawakaribisha mezani kwake kula, wakaongea. Kisha desturi ile akaiandika kuwa kanuni, ili kesho mtu ajue kabla ya kusaini kitakachompata. Aliamini kwamba katika biashara kanuni kuwa wazi na ya uhakika ni muhimu kuliko iwe hivi au vile.

Papa Profesa aliunganisha hilo na sisi vizuri sana. Sheria yetu ya 2001 iliyoanzisha mahakama za biashara inamkalisha jaji wa kazi pamoja na majaji wanaotoka kwa wafanyabiashara. Lubumbashi tunayo mahakama hiyo. Wangapi kati yetu tulijua kwamba mfanyabiashara anaweza kukaa pale juu? Mikono ilikuwa michache, na wangu haukuwemo. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, akadhani nataka kugombea ujaji.

Halafu noti. Kesi inaitwa Miller na Race, ya mwaka 1758. Bwana mmoja, William Finney, alituma kwa posta noti ya benki ya pauni 21 na shilingi 10. Usiku wa Desemba 11, 1756, wezi wakavamia gari la posta, noti ikaenda. Siku iliyofuata ikawa mikononi mwa Miller, mwenye nyumba ya wageni, aliyeipokea kwa njia ya kawaida ya kazi yake na kutoa thamani yake, bila kujua lolote. Finney alikuwa tayari amekwenda benki kuzuia. Miller alipofika na noti, karani Race akaing'ang'ania: hamlipi wala hamrudishii. Nani anapata?

Papa Profesa hakutupa jibu. Alitugawa pande mbili, upande wa dirisha wamtetee Finney, upande wa mlango wamtetee Miller. Mlikuwepo? Mngesikia! Mama mmoja anayebadilisha pesa karibu na soko Mzee alisimama upande wa dirisha, akamtetea Finney dakika nzima, halafu akajigeuza mwenyewe: "Hapana. Kama kila dola inayofika kwangu lazima niulize imetoka wapi tangu Amerika, nafunga meza kesho." Na ndiyo alivyosema Mansfield, kwa maneno yake ya kijaji. Noti ya benki si kitu kama ng'ombe au saa ambavyo mwenyewe anaweza kuvifuata popote vilipo. Watu wote wanaichukua kama pesa, basi ni pesa, na aliyeipokea kwa nia njema na kwa thamani yake ni ya kwake. Miller akalipwa. Nilifikiria zile dola zetu ambazo zikichanika pembeni kidogo tu watu wanazirusha, nikaona kwamba kuaminiana huko kunakofanya karatasi iwe pesa hakujakamilika mpaka leo.

Jioni ya bima ndiyo iliyonifanya niseme dola 10 ni rahisi. Kesi ya Carter na Boehm, 1766. Gavana George Carter alikuwa na ngome inaitwa Fort Marlborough, katika kisiwa cha Sumatra, upande wa Indonesia ya leo. Akakata bima London, ya mwaka mmoja, kwamba ngome ikitekwa na adui kutoka Ulaya alipwe. Mwaka 1760 Wafaransa wakaja wakaiteka. Mwenye bima, Boehm, akakataa kulipa: gavana alinificha kwamba ngome ni dhaifu, alinificha kwamba Wafaransa wanaweza kuja.

Hapo Mansfield aliweka kanuni ambayo mwaka 1906 iliingia katika sheria ya Uingereza ya bima ya baharini, na kutoka hapo imesambaa dunia nzima. Bima ni mkataba wa kubashiri. Anayekata bima ndiye anayejua hali ya kitu chake, mwenye bima anamtegemea, kwa hiyo akificha jambo kubwa mkataba unaanguka. Hilo sote tunalijua, kwa sababu kampuni za bima hazichoki kutukumbusha. Tusichoambiwa ni nusu ya pili: nia njema inawafunga pande zote mbili. Mwenye bima aliyekaa London alijua zaidi ya gavana kuhusu vita vya Ulaya na meli za Wafaransa. Alijua ngome ile haikujengwa kuzuia jeshi la Ulaya. Hakuuliza. Alipokea ada huku akijua hatari ilivyo, basi hasara ikitokea asigeuke kusema alidanganywa. Carter akashinda.

Mnaona? Kampuni ikichukua ada yako bila kukuuliza chochote, halafu siku ya ajali ndiyo inaanza kuuliza, kuna jaji aliyeona mchezo huo miaka zaidi ya 250 iliyopita. Huku kwetu bima ilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya serikali kwa miaka mingi, hadi sheria ya 2015 ilipofungua soko, na sasa vijana wenye tai wanapita sokoni na fomu. Mimi sasa fomu naijaza yote, hata pale wanaposema "Mama, hapo acha wazi." Hasa hapo.

Kuna jioni ambazo unaweza kuzikosa bila hasara. Ile ya siasa na uhuru wa magazeti ni ndefu, na Papa Profesa anaipenda kuliko sisi. Ya haki za waandishi wa vitabu ni fupi, lakini ina raha yake. Mwaka 1769 Mansfield na wenzake wengi mahakamani waliamua kwamba haki ya mwandishi juu ya kitabu chake haina mwisho. Mwaka 1774 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likakataa msimamo huo. Somo hilo tulifundishwa nyuma ya duka la fotokopi, mashine zikizunguka upande wa pili wa ukuta. Metre ndiye aliyeanza kucheka, mzee akajifanya hasikii.

Jioni ya moto wa 1780 msiikose. Mwezi wa Juni mwaka huo London iliwaka kwa fujo za watu waliokataa Wakatoliki wapunguziwe vikwazo. Mansfield hakuwa Mkatoliki, ila mahakamani alikuwa amekataa kuwaonea, basi umati ukaenda nyumbani kwake Bloomsbury Square. Yeye na mke wake waliponea chupuchupu. Samani zikatupwa nje, nyumba ikachomwa, na vitabu vyake vyote pamoja na daftari za maandishi ya miaka mingi vikaisha. Siku chache baadaye, akizungumza katika Baraza la Malodi juu ya swali la sheria, alisema hakutazama vitabu, kwa kuwa hana tena vitabu vya kutazama. Mwaka uliofuata Lord George Gordon, aliyeongoza harakati zile, aliletwa kushtakiwa kwa uhaini. Jaji aliyesimamia kesi alikuwa nani? Mansfield huyohuyo. Juri ikamwachilia Gordon. Sisi tulioona uporaji wa 1991 katika mji huu tuliisikiliza jioni hiyo kimya, na wakati wa mapumziko kila mtu alikuwa na la kusimulia, friji ya nani ilionekana kwa nani. Papa Profesa alituacha tuongee. Ni mwalimu anayejua wakati wa kufunga daftari.

Sasa kasoro, na siyo ya viti.

Silabusi ina sura ndefu kuhusu James Somerset. Inastahili. Somerset alikuwa Mwafrika aliyenunuliwa Virginia, akaletwa Uingereza mwaka 1769 na bwana anayeitwa Charles Stewart. Mwaka 1771 alibatizwa, akatoroka, akakamatwa na kufungwa kwenye meli iliyokuwa inakwenda Jamaica, akauzwe huko. Wazazi wake wa ubatizo, watatu, ndio waliokimbilia mahakamani kuomba hati ya kumleta mbele ya jaji. Nasema hivi kwa wale wanaodhani kuwa mama wa ubatizo ni mtu wa kuleta keki. Granville Sharp, mtetezi mkubwa wa Waafrika pale London, akasaidia kupata mawakili. Mansfield hakutaka kuamua. Aliwasukuma wapatane, alihesabu hasara: mahakamani ilitajwa kwamba Waafrika walioko Uingereza wanafika 14,000 au 15,000, na kila mmoja ana bei kwa bwana wake. Mwisho, Juni 22, 1772, akasema utumwa ni kitu kibaya kiasi kwamba hauwezi kusimama bila sheria iliyoandikwa kuuruhusu, na sheria hiyo Uingereza haina. Somerset akatoka huru.

Papa Profesa aliisimulia kwa nguvu zake zote, watu wakapiga makofi. Silabusi yake inasema kwamba siku hiyo jaji "alikomesha utumwa". Hapo Metre akanyanyuka, akakunja mikono mbele kama inavyofaa, akasema, "Papa Profesa, kwa heshima yako kubwa, neno hilo limezidi." Akaeleza: kilichoamuliwa ni kwamba bwana hawezi kumchukua mtu kwa nguvu na kumtoa Uingereza. Zile sifa za hewa ya Uingereza kuwa safi mno kwa mtumwa kuivuta ni maneno ya mawakili, si ya hukumu. Meli ziliendelea kubeba watu hadi Bunge lilipokataza biashara hiyo mwaka 1807, na sheria ya kufuta utumwa katika makoloni ni ya 1833. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Andikeni alivyosema mwanangu," akatuambia. Nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa makofi. Lakini silabusi wanayouza hadi leo haijasahihishwa.

Na kesi ya meli Zong? Iko ukurasa wa mwisho, katika nyongeza, herufi ndogo. Tuliifikia jioni ya mwisho, jenereta ikiwa inakohoa na watu wakiangalia saa kwa sababu ya teksi.

Mwisho wa Novemba 1781, wafanyakazi wa Zong walianza kutupa baharini Waafrika waliokuwa wamefungwa melini. Waliotupwa walizidi 130. Sababu waliyotoa ni kwamba maji ya kunywa yalikuwa yanaisha. Wenye meli, watu wa Liverpool, walikwenda kwa wenye bima kudai pauni 30 kwa kila kichwa, kama mzigo uliotupwa kuokoa meli. Juri ya Guildhall, mwanzoni mwa 1783, ikawapa haki. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa amejinunulia uhuru wake, ndiye aliyekwenda kumwambia Sharp. Wenye bima wakaomba kesi irudiwe, na mwezi Mei shauri likawa mbele ya Mansfield. Ilitajwa kwamba mvua ilinyesha na bado watu waliendelea kutupwa. Akaamuru kesi isikilizwe upya. Lakini alieleza pia, mwenyewe, kwamba juri ile ililichukua jambo kana kwamba waliotupwa ni farasi. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Hapo ndipo ninapogombana na mpangilio wa darasa hili. Guildhall ni palepale. Bima ni ileile. Juri ni ya mji uleule wa wafanyabiashara aliokuwa akiwasikiliza na kuwaalika mezani. Desturi ya wafanyabiashara ambayo tulikuwa tumeisifu jioni nzima ndiyo iliyosema mtu ana bei ya pauni 30 akizama. Ukitenganisha kesi ya Carter na kesi ya Zong kwa kurasa nyingi, unatufundisha nusu ya bima. Nilimwambia mzee uso kwa uso.

"Papa Profesa, hii ingekuja jioni ya bima."

"Mama, ile jioni ilikuwa ya furaha. Nilitaka mpende somo kwanza."

"Tumeshalipenda. Sasa tuambie na lilipofikia."

Alikuna kidevu. Aliniambia kwamba watu wakisikia Zong mapema wanamchukia jaji na hawasikilizi tena kanuni. Labda kwa wanafunzi wa chuo. Sisi ni watu wa Katanga: babu zetu waliona misafara ya mfalme Msiri ikitoka Bunkeya, mji wake mkuu, na shaba, pembe na watu, na wote watatu walikuwa na bei. Tunaweza kusikia kwamba mtu alikuwa na akili kubwa ya biashara na bado kesi hiyo ikapita mbele yake kama kesi ya mzigo. Hatutavunja viti.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba nyumbani kwa jaji huyo, Kenwood, kaskazini mwa London, kulikuwa na msichana anayeitwa Dido Elizabeth Belle. Alizaliwa 1761. Baba yake alikuwa John Lindsay, ofisa wa jeshi la majini na mtoto wa dada ya Mansfield. Mama yake, Maria Belle, alikuwa Mwafrika mtumwa. Mansfield na mke wake hawakuwa na watoto, wakamlea Dido pamoja na Elizabeth Murray, mtoto mwingine wa ukoo. Dido alisimamia maziwa na kuku, na baadaye aliandika barua za jaji kwa niaba yake. Wageni wakija kula, hakukaa nao mezani. Alijiunga nao baada ya chakula. Katika wosia wake Mansfield aliandika wazi kwamba Dido ni huru, akamwachia pauni 500 na nyingine 100 kila mwaka. Basi wakati wanazungumza bei ya vichwa mahakamani, jioni anarudi kwenye nyumba ambayo yumo Dido. Papa Profesa hii aliitaja kwa sentensi mbili tatu. Ningelipa dola 10 nyingine kwa jioni nzima juu yake.

Kuna picha ya hao wasichana wawili, iliyochorwa mwishoni mwa miaka ya 1770, ambayo siku hizi iko Scone, alikozaliwa jaji. Imewekwa kwenye silabusi, na hapo vijana wa fotokopi wanastahili kukaripiwa: Elizabeth ametoka vizuri na kitabu chake mkononi, Dido amekuwa doa jeusi lenye kilemba. Mwambieni Metre awatumie kwenye simu. Kwa rangi unamwona anacheka, kidole shavuni, matunda mkononi, na huwezi kumtazama yule mwingine tena.

Mansfield mwenyewe aliacha kazi 1788, akafa Machi 1793 akiwa na miaka 88, akazikwa Westminster Abbey. Dido aliolewa mwaka huohuo.

Mambo ya kujua kabla hamjaenda. Mfululizo mpya unaanza wakiandikisha watu wa kutosha kujaza chumba, kwa hiyo acheni namba zenu kwa vijana wa fotokopi. Wanafunzi wa sheria wanalipa nusu, wafanyabiashara hawapunguziwi, msijaribu, mimi nilijaribu. Malipo kwa simu wanapokea. Njooni mmekula, bukari, yaani ugali, ya kule nje inachelewa. Silabusi inauzwa pia peke yake kwa dola 3, lakini bila sauti za Metre haitoshi, na sura ya Somerset mtakuwa mnabeba ile sentensi iliyozidi. Mtu akiwauliza jioni ya bima mnataka kusoma nini, jibuni wote kwa pamoja: Carter na Zong, siku moja. Mkiwa wengi, atabadilisha.